Maumivu ya goti kwa waendesha baiskeli

Maumivu ya goti kwa waendesha baiskeli ni jeraha linalojengeka polepole kwa kurudiarudia mwendo uleule, si kwa ajali. Anayekanyaga mizunguko 80 kwa dakika hukunja kila goti mara 4,800 kwa saa.

Visababishi. Maumivu ya mbele, kuzunguka pia ya goti, mara nyingi hutokana na kiti kilichoshushwa mno au gia nzito. Ya nyuma mara nyingi hutokana na kiti kilichoinuliwa mno. Baiskeli isiyo na gia, ikipanda mlima na mzigo, hulielemea goti zaidi.

Kinga. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kwa nyuzi 25 hadi 35. Umbali uongezwe kidogo kidogo. Penye mwinuko mkali, ni heri kushuka na kusukuma.

Tiba. Safari hupunguzwa na kiti hurekebishwa. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 15 hadi 20, hutuliza maumivu. Mazoezi ya misuli ya paja na nyonga husaidia maumivu yasirudi. Goti likivimba, likikwama au likishindwa kubeba mwili, daktari aonwe.