Kambi ya Raha: Nani Aliruhusiwa Kulala Shambani?

Tuanze na neno lenyewe. Kwa wengi wetu tuliokulia huku Uingereza kwenye familia za Kongo na Burundi, "kambi" ni neno la nyumbani, tena si neno la raha. Kambi ni Nyarugusu. Ni Mtabila. Kwa wenzetu waliopitia Kenya ni Kakuma au Dadaab. Wazee wakisema "kule kambini", hakuna anayeuliza kambi gani. Halafu unafika shule hapa, unamsikia mwenzako anafurahi kwamba wikendi familia yao inaenda kupiga kambi, na baba yake kanunua hema jipya. Unabaki unashangaa: wamekosa nini?

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongelea matamasha ya kiangazi, na muda ulituishia kabla ya kufika kwenye historia. Basi ndiyo hii. Ukiifuatilia utaona kwamba hata hapa, swali la nani alale shambani usiku halijawahi kuwa jambo dogo.

Aliyesaidia sana kulifanya hema kuwa kitu cha starehe hapa Uingereza alikuwa fundi cherehani wa London, Thomas Hiram Holding. Mwaka 1853, akiwa mtoto, alivuka nyika za Marekani pamoja na wazazi wake kwenye msafara wa magari ya kukokotwa, wakipiga kambi njiani. Alipokua aliendelea kulala nje, safari hii kwa kupenda mwenyewe: mara kwa mtumbwi, mara kwa baiskeli. Mwaka 1901 alianzisha na wenzake chama cha wapanda baiskeli wanaopiga kambi, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha mwongozo, The Camper's Handbook. Yaani mtu aliyewafundisha Waingereza kulala hemani kwa raha, yeye mwenyewe alianza kulala hemani kwa sababu wazazi wake walikuwa wanahama.

Muziki uliingia baadaye. Juni 1970 kulikuwa na tamasha kubwa la blues na rock kwenye uwanja wa maonyesho wa Bath and West, karibu na mji mdogo wa Shepton Mallet, mkoa wa Somerset. Mkulima mmoja wa jirani, Michael Eavis, alienda kuangalia. Alifuga ng'ombe wa maziwa na alikuwa na madeni. Akajiambia, mbona na mimi nina shamba? Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo akafungua geti la shamba lake, Worthy Farm, kijijini Pilton. Kiingilio kilikuwa pauni 1, na maziwa ya bure juu yake. Walikuja watu kama 1,500. Hiyo ndiyo Glastonbury ya kwanza.

Katikati ya matamasha hayo mawili, mwezi Agosti, kulitokea jambo la kisiwa cha Wight. Kisiwa kilikuwa na wakazi kama laki moja. Makadirio ya waliokuja kwenye tamasha yanafika hadi 600,000, ingawa wengine wanasema idadi hiyo imetiwa chumvi. Waandaaji walizungushia mabati, watu wakayavunja, mwishowe ikabidi litangazwe kuwa tamasha la bure. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria maalumu kwa ajili ya kisiwa hicho: mkusanyiko wa nje wa zaidi ya watu 5,000 usikeshe bila kibali. Angalia sheria ilipolenga. Kupiga gitaa mchana hakukuwa na neno. Shida ilianza pale umati wa vijana ulipolaza vichwa chini na kukataa kwenda kwao.

Kuanzia hapo matamasha yaligawanyika pande mbili. Upande mmoja ni yale yenye mwenye shamba, kibali na tiketi. Upande wa pili ni ya bure, yasiyo na mwenyewe, kama lile lililofanyika kila kiangazi penye mawe ya kale ya Stonehenge kuanzia 1974 hadi 1984. Tarehe 1 Juni 1985 polisi waliuzuia msafara uliokuwa unaelekea huko. Wengi kati ya watu hao waliishi humohumo ndani ya mabasi na malori yao. Madirisha yalivunjwa, watu wakapigwa marungu, na zaidi ya 500 wakakamatwa kwa siku moja.

Mwaka 1992, kwenye uwanja wa wazi wa Castlemorton, maelfu ya vijana walipiga kambi na kucheza kwa wiki nzima bila ruhusa ya mtu. Jibu la serikali lilikuwa sheria ya 1994 iliyowapa polisi uwezo wa kutawanya disko la usiku shambani. Sheria hiyo ilieleza hata aina ya muziki: ule wenye mapigo yanayojirudiarudia. Kwa maelezo hayo, harusi nyingi za kwetu zingekuwa mashakani, ukiongeza spika tu.

Glastonbury nayo ilibadilika. Mwaka 2000 waliuza tiketi 100,000, na inasemekana karibu idadi hiyohiyo iliingia kwa kuruka au kuchimba chini ya uzio. Mwaka 2001 halikufanyika. Liliporudi 2002, shamba lilikuwa limezungushiwa ukuta mrefu wa chuma.

Sasa turudi kwenye uwanja uleule wa Shepton Mallet, maana hapo ndipo historia hii inapotugusa sisi. Julai 1982 Peter Gabriel na wenzake waliandaa hapo tamasha la kwanza la WOMAD, la muziki, sanaa na ngoma za dunia nzima. Kati ya waliopanda jukwaani walikuwa wapiga ngoma wa Burundi. Zile ngoma za mti mzima, zinazobebwa kichwani huku zikipigwa, zilikuwa ngoma za mwami, na ufalme wenyewe ulikuwa umefutwa tangu 1966. Waingereza walipigwa na butwaa. Kifedha tamasha lilikuwa hasara tupu, hata Gabriel ikabidi aungane tena na bendi yake ya zamani, Genesis, kwa onyesho moja la kulipa madeni. Ila WOMAD ikaishi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefanya makao Dar es Salaam, alipita njia hiyohiyo na Super Matimila, na mwaka 1989 albamu yao Songs for the Poor Man ikatoka hapa Uingereza.

Wakati ngoma zile zinalia Somerset mbele ya vijana waliolala hemani kwa kupenda, maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walikuwa bado wako Tanzania, kwenye makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Walikuwa wametimiza miaka kumi huko.

Ndiyo maana tamasha langu la kwanza la kulala nje lilikuwa WOMAD, wakati huo likifanyika Charlton Park, Wiltshire. Mimi nilizaliwa Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita. Tulipohamishiwa Uingereza nilikuwa mdogo. Nilipomweleza mamangu mipango yangu, alisema kwa Kiswahili chake cha Fizi: "Siye tulikimbia hema, weye unaenda kulipa juu ya hema?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikaenda. Nilifunga kamba, nikapigilia vigingi kwenye udongo mgumu, nikapanga foleni ya maji, nikapanga foleni ya choo. Mkononi nilivaa kile kitambaa cha kuonyesha getini. Usiku wa kwanza nililala na mabuti ya mpira pembeni ya kichwa, nikisikia watu wasionijua wanakohoa mita moja kutoka kwangu. Na nikaanza kufananisha mwenyewe. Kule nako kulikuwa na turubai, foleni, kadi ya kuonyesha. Hata shirika ni lilelile: Oxfam, ambao watu wao wa kujitolea wanasimama kwenye mageti ya matamasha hapa, ndio waliosaidia maji na vyoo Nyarugusu, Warundi wapya walipofurika mwaka 2015.

Tofauti iko kwenye geti. Ukuta wa Glastonbury umejengwa ili watu wasiingie. Nyarugusu hakuna ukuta wa namna ile, lakini kutoka bila kibali ni kosa. Mimi Jumatatu nilikunja hema nikapanda basi. Mamangu Jumatatu yake ilichukua miaka.

Asubuhi ya mwisho ya matamasha mengi hapa, utaona mahema yameachwa shambani, mengine mapya kabisa. Watu wa kujitolea wamekuwa wakiyakusanya, na kuanzia 2015 baadhi yalipelekwa Calais, kwa wakimbizi waliokuwa wanasubiri kuvuka kuja huku. Hema moja, wiki moja la raha, wiki inayofuata la shida.

Sisemi msiende. Nendeni, mcheze, mlowe mvua, ni haki yenu kama ya mtu yeyote. Watu walipigwa marungu hapa kwa kutaka kulala shambani, na ngoma za kwetu zilikuwepo WOMAD tangu siku ya kwanza. Ila hema lako ukija nalo, ondoka nalo. Na kabla hujaenda, muulize mzee mmoja nyumbani kwenu hema lake la kwanza lilikuwa la rangi gani na lilivuja wapi. Wengi hawajawahi kuulizwa. Mamangu alinijibu kwa saa mbili nzima, na mwisho akanionyesha jinsi ya kuchimba mfereji kuzunguka hema ili maji yapite pembeni.