Uzi wa kioo unaopima mvutiko wa kuta na madaraja

Mkongo wa mawasiliano uliotandazwa hadi Mbarara hubeba sauti na picha ndani ya nyuzi za kioo, kila uzi ukiwa na unene wa mikromita 125, karibu sawa na unywele. Uzi wa aina hiyo ukichorwa mistari kwa mwanga, hugeuka kuwa kihisi kinachoeleza ukuta, nguzo au daraja limevutika kwa kiasi gani.

Mistari hiyo hupewa jina la mwanafizikia Bragg. Kiswahili hakijakubaliana juu ya istilahi yake; hapa tutaiita ngazi ya Bragg, kwani imepangana kama vidato.

Mwaka 1978 Kenneth Hill na wenzake mjini Ottawa, Kanada, waligundua kuwa mwanga wa leza uliopitishwa katika uzi wenye germaniamu uliacha alama za kudumu ndani ya kioo. Mwaka 1989, uleule kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Gerald Meltz na wenzake nchini Marekani walionesha namna ya kuichora ngazi kutoka ubavuni mwa uzi kwa mionzi ya urujuanimno.

Uzi wa kawaida huwekwa kwanza katika hidrojeni yenye shinikizo kubwa kwa siku kadhaa, ili kioo kiitikie mwanga. Kisha gamba lake la plastiki huvuliwa kwa kipande kifupi, na mbele yake huwekwa kibao cha kioo chenye mifereji myembamba mno. Mionzi ikipita hapo hugawanyika, hukutana tena, na kufanya mapigo ya nuru na kivuli. Palipopata nuru kioo hubadilika. Palipo na kivuli hubaki kilivyokuwa. Vidato hupishana kwa takriban nusu mikromita. Mwishoni uzi hupashwa moto ili ngazi itulie, kisha huvikwa gamba upya, maana sehemu iliyo wazi huvunjika upesi.

Ngazi hurudisha rangi moja tu ya mwanga. Uzi ukivutwa, vidato huachana na rangi hiyo husogea: kwenye nanomita 1,550, mvutiko wa sehemu moja ya milioni huisogeza kwa pikomita 1.2 hivi. Tatizo ni joto. Nyuzijoto moja ya Selsiasi huisogeza kwa takriban pikomita 10, hivyo jua la adhuhuri laweza kudhaniwa kuwa ni ufa. Ndiyo sababu mafundi huweka ngazi ya pili isiyobandikwa ukutani, ipime joto peke yake.

Kwa wakazi wa Nakivale, wilayani Isingiro karibu na mpaka wa Tanzania, jambo hili si la mbali. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba na kupasua kuta. Kihisi hiki hakitabiri tetemeko. Huonesha tu kama ukuta wa shule uliosalia umesimama ungali unaachana. Uzi wenyewe si ghali sana, ila mashine ya kuusoma ni ghali. Asiyeipata hubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji: kikikatika, ufa umesogea.