Manamba wa mkonge na tundu la Geneva

Ukitoka Dumila kwenda Kilosa unapita Msowero kabla ya Rudewa. Siku hizi macho yanakutana na mahindi, mpunga na ng'ombe. Lakini kwa miongo mingi Kilosa ilikula kwa mkonge, na hata ule uliotelekezwa porini bado una ukali wake: ncha nyeusi ya jani hupenya suruali kabla hujajua umeguswa.

Mmea huu ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Humo ukazaliwa utajiri wa kikoloni, na njaa ya vibarua isiyoshiba. Walitoka Songea, Kigoma, hadi Ruanda-Urundi, wakaandikishwa kwa namba, wakaitwa manamba. Kila mmoja alipewa kipande chenye nafasi 30. Nafasi ilijazwa pale tu kazi ya siku ilipokamilika. Ukibakiza matita machache, jasho lako limekwenda bure.

Wajerumani walipoondoka, hati iliyowakabidhi Waingereza Tanganyika ilikataza kazi za kulazimishwa, isipokuwa kazi muhimu za umma, tena kwa ujira wa haki. Mwaka 1931 London ikaridhia pia mkataba dhidi ya kazi za shuruti, uliopitishwa Geneva mwaka mmoja kabla. Maneno mazuri. Ila kifungu cha pili kinasema kazi inayodaiwa wakati wa dharura, kama vita, haihesabiwi kuwa ya shuruti. Tundu hilo lingepitisha shamba zima, pamoja na korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge.

Na likapitisha. Mapema 1942 Wajapani wakateka Ufilipino na Java, zilikotoka nyuzi za kamba. Meli zilihitaji kamba. Uingereza ikanunua katani ya Tanganyika kwa bei iliyopangwa, na vijana wakakusanywa vijijini kwa amri, wakapelekwa mashambani. Hawakwenda kujenga barabara wala hospitali: mashamba yale yalikuwa ya watu binafsi. Mwanasheria wa serikali angeweza kulala usingizi mnono. Karatasi zote zilikuwa sawa.

Baadaye zikaja nyuzi za plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakawa vichaka ambavyo wakulima na wafugaji wa Kilosa wanavigombania. Neno nalo lilihama. Nairobi leo, manamba ni yule anayening'inia mlangoni mwa matatu akiita abiria.