Duka la Karibu na Duka la Mbali: Jinsi Watu wa Mwanjelwa Walivyonunua Zamani na Sasa

Mtu apitaye Mwanjelwa siku hizi, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, huona mambo mawili kwa wakati mmoja. Upande mmoja aona maduka na vibanda vilivyosongamana, mchele wa Usangu na wa Kyela, viazi vya Uporoto katika magunia, na mitumba iliyotundikwa. Upande wa pili aona vijana walioinamia simu zao, wakitazama picha za viatu, redio na pampu za maji zilizoko Dar es Salaam, au hata Uchina. Basi kila mwenye ushirika hana budi kujiuliza: je, duka la karibu litakufa? Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, yafaa tutafute jibu kwa kutazama nyuma, maana kununua vitu vya mbali si jambo geni katika Nyanda za Juu Kusini.

Kabla ya kuwako duka lolote, watu walisafiri siku nyingi kuifuata chumvi ya Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, nao walibadilishana vitu kwa vitu. Mji wa Mbeya ulipoanzishwa mwaka wa 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa, maduka yaliongezeka, na mengi yalikuwa ya wafanya biashara wa Kihindi. Katika duka la namna hiyo mnunuzi aliitazama nguo kwa macho yake, akaipima kwa mkono wake, na ikiwa fedha haikutosha, deni liliandikwa daftarini mpaka wakati wa mavuno. Walakini bei ilikuwa neno la mwenye duka peke yake. Mkulima asiye na duka la pili karibu hakuwa na la kusema.

Malalamiko hayo hayakuwa yetu tu. Huko Rochdale, Uingereza, mwaka wa 1844, watu 28, wengi wao mafundi maskini, walichanga fedha wakafungua duka lao wenyewe. Waliuza unga, siagi, sukari na mishumaa kwa kipimo cha haki, na faida ikarudishwa kwa wanunuzi kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Huko Marekani, mwaka wa 1872, bwana mmoja jina lake Aaron Montgomery Ward alianza kuwauzia wakulima kwa njia nyingine. Alichapisha karatasi yenye majina ya vitu na bei zake, akapokea maagizo kwa barua, na kupeleka bidhaa kwa gari la moshi. Wateja wake wa kwanza walikuwa wakulima wa chama kiitwacho Grange, waliochoshwa na bei za maduka ya shamba. Miaka michache baadaye aliahidi kwamba asiyeridhika atarudishiwa fedha yake. Kwa hiyo duka la ushirika na duka la mbali ni kama ndugu wawili, nao wote wawili walizaliwa na kilio kimoja, kilio cha mnunuzi mdogo.

Katika Tanganyika sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka wa 1932, na kazi kubwa ya vyama ilikuwa kuuza mazao. Kazi ya kuwauzia wanachama bidhaa ilipewa nguvu mwaka wa 1962, ilipoundwa COSATA ili kueneza maduka ya ushirika. Maduka mengi yalishindwa kwa upungufu wa mtaji na wa watu waliojua biashara. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya jumla ilishikwa na Shirika la Biashara la Taifa, kisha na makampuni ya biashara ya mikoa.

Mwaka wa 1976 ndio wa kukumbukwa zaidi. Mwezi wa Mei vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mwaka huo huo ilifanyika Operesheni Maduka, ambayo kwayo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili mahali pake pashikwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Maduka mengi mapya hayakuwa na bidhaa za kutosha, na amri ile ilipasa kulegezwa. Kisha vikaja vita vya 1978 na 1979 na uhaba wa fedha za kigeni. Sabuni, sukari na chumvi zikawa vitu vya kupangiwa foleni. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya 1982. Funzo la miaka hiyo ni kwamba mnunuzi hafungwi kamba. Ukimfungia mlango mmoja bila kuweka kitu nyuma ya mlango wa pili, atapita dirishani.

Tangu mwaka wa 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na soko la Mwanjelwa likazidi kuvuma. Soko hilo liliteketea kwa moto mwaka wa 2006. Wafanya biashara wengi walihamia Sido, nako kukaungua mwaka wa 2011 na tena 2017. Kila mara meza zilijengwa upya na wanunuzi wakarudi, kwa kuwa soko ni watu wanaojuana, wala si paa na kuta tu.

Fedha za simu zilianza nchini mwaka wa 2008, zilipoanza huduma za M-Pesa. Baadaye simu zenye picha zilienea, na sasa mtu wa Mwanjelwa aweza kuchagua kitu cha Kariakoo, akalipa kwa simu, na kukipokea kutoka katika basi. Lakini tusidhani duka la mbali halishindwi. Jumia, duka kubwa la mtandaoni, lilifunga kazi zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019. Hata huko Marekani, kati ya kila dola 100 zilizotumika kununua bidhaa rejareja mwaka wa 2024, dola 16 hivi tu zilipitia mtandaoni.

Sisi wakulima tumekwisha ona jinsi njia hizi mbili zinavyokutana. Tarehe 8 Agosti 2022, katika uwanja wa John Mwakangale hapa Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku. Mkulima aliandikishwa, akapata namba yake kwa simu, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ukauzwa kwa Sh. 70,000. Hesabu ilikuwa mtandaoni, lakini mbolea ilikuwa dukani, na wengi walilalamika kwamba maduka hayo yalikuwa mbali. Misimu iliyofuata vyama vya msingi vilitiwa katika kazi ya kuigawa. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Basi ni lini tununue mbali, na ni lini karibu? Kitu kisichopatikana hapa, ambacho bei yake yajulikana, chafaa kuagizwa. Lakini mbegu, dawa ya mimea na kipuri cha pampu vyataka muuzaji ambaye utamwona kesho kosa likitokea; tena lebo ya TOSCI juu ya mfuko wa mbegu huhakikiwa kwa simu ungali dukani. Anayemlipa asiyemjua aweza kuuziwa mbuzi katika gunia.

Ndugu viongozi, tusiwalaumu wanachama wanaoagiza vitu mbali. Wanatuambia kwamba bei zetu hazionekani, au rafu zetu ni tupu. Chama kiandike bei hadharani, kikusanye maagizo ya wanachama na kununua kwa pamoja, hata kwa mtandao, na kipokee kitu kibovu kinaporudishwa. Nanyi ndugu wanachama, kabla ya kupeleka fedha Dar es Salaam, ulizeni kwanza dukani kwenu. Duka lisiloulizwa halijui la kuleta. Kizuri chajiuza. Ushirika wetu na uwe na vizuri, nao utaziona sikukuu nyingi kama hii.