Nyuma ya Kaunta

Siku tatu nilikuwa mgeni kwenye harusi ya Wahindu mjini Shinyanga, mimi mtoto wa Ibadakuli! Hina, kisha manjano, mwisho maharusi wakauzunguka moto mara nne kwa desturi ya Kigujarati. Nyama hakuna, lakini jamani nilishiba.

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Pamba ya Usukuma ikapata njia, maduka ya Wahindi yakaongezeka. Babu yangu aliwauzia pamba kabla ushirika haujaishika miaka ya 1950. Kaunta hakuivuka hata siku moja, na mizani yao hakuiamini.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wahindi wengi wakahama.

"Sisi tulibaki, kijana, tukawa wapangaji humo humo," mzee wa nyumba aliniambia.

Nilitaka kumwuliza habari za mizani. Akaniongezea puri.