Siwa, kiti na swali la ‘ulisema kama nani?’

Mimi ni katibu wa kikundi cha maji kijijini kwetu. Miaka kadhaa iliyopita, mwenyekiti wetu alikuwa akinywa chai katika kibanda cha sokoni. Katika mazungumzo akasema kwamba yeye haoni haja ya watu kuendelea kuchanga wakati mvua inanyesha. Kesho yake mweka hazina akaacha kupokea michango. Fundi wa pampu akakosa malipo, akafunga virago, na kina mama wakarudi kuteka maji mtoni kwa miezi mitatu. Kikao kilipoitishwa, bibi mmoja alisimama akauliza: “Mwenyekiti, siku ile ulisema kama nani?” Mzee akajitetea, “Mama, mimi nilikuwa nakunywa chai tu!”

Tulicheka, ila swali lenyewe halikuwa la mzaha. Mtu mmoja ana sauti moja, na kwa sauti hiyo hiyo hutania, hushauri na huamuru. Msikilizaji atajuaje ni ipi?

Pwani yetu ilikuwa na jibu la kusikika kwa masikio. Siwa ni pembe kubwa inayopulizwa kwa ubavuni. Siwa ya Pate imetengenezwa kwa pembe za ndovu, ya Lamu kwa shaba. Haikupulizwa ovyo. Ilitolewa katika shughuli nzito kama kutawazwa kwa mtawala, harusi na tohara za watu wenye jina, na ikilia kila mtu alijua kwamba jambo lililo mbele yake si la mtu binafsi bali ni la mji. Ndiyo maana kunyimwa siwa kulikuwa fedheha kubwa. Khabari za Pate zinamsimulia Mwana Darini, bibi wa ukoo wa kitawala, aliyetaka siwa kwa ajili ya tohara ya mwanawe. Wakubwa wakamnyima. Bibi huyo hakulia wala kubembeleza. Alimwendea fundi, Mwenyi Bayayi, akamtengenezea siwa nyingine!

Kisa hiki hunifikirisha sana. Kama siwa inaweza kuchongwa upya na fundi hodari, basi mamlaka hayamo ndani ya pembe. Yamo katika masikio ya watu wanaokubali kwamba sauti hii ndiyo yenyewe.

Neno lenyewe limesafiri. Katika Bunge la Tanzania, rungu linalotangulia mbele ya Spika huitwa siwa. Huku kwetu wengi husema rungu tu. Mtaalamu wa msamiati angeweza kulalamika kwamba pembe la kupuliza na rungu la kupigia ni vitu viwili tofauti, na hata mimi nilipolisikia mara ya kwanza nilikunja uso. Baadaye nikaona aliyechagua neno hilo alijua alichokuwa akifanya. Desturi ya rungu ilitoka Uingereza, ambako lilikuwa silaha ya askari wa mfalme kabla ya kugeuka alama. Kazi yake bungeni ndiyo ile ya siwa: kuonyesha kwamba sasa anayesema si fulani bin fulani.

Tazama linavyotumika. Bunge likiketi kikamilifu, rungu hulala juu ya meza. Bunge likigeuka Kamati ya Bunge Zima ili kupitia mswada kifungu kwa kifungu, rungu hushushwa chini, Spika huondoka kitini, na anayeongoza haitwi tena “Bw Spika” bali “Bw Mwenyekiti”. Ukumbi ni ule ule na wabunge ni wale wale. Kilichobadilika ni mahali pa rungu na jina la kuitwa, na uzito wa maneno umebadilika navyo.

Kiti nacho kina historia yake. Katika Kiswahili mwenye madaraka kikaoni hatumwiti kwa hekima yake wala umri wake. Tunamwita kwa samani aliyoikalia. Wakatoliki wanalijua jambo hili vizuri. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulitamka kwamba Papa hawezi kukosea anapofundisha rasmi jambo la imani au maadili kutoka kitini. Maongezi yake ya mezani hayamo. Waislamu nao hutofautisha fatwa, ambayo ni jibu la mwanachuoni kwa muulizaji, na hukumu ya kadhi inayowafunga waliofikishana mbele yake.

Sasa turudi Kenya, ambako tumeumia kwa kukosa mpaka huu. Kwa miongo kadhaa neno la Rais jukwaani lilikuwa sheria hata kabla ya wino. Wapenzi wa Kiswahili tulinufaika: mwaka 1974 Mzee Jomo Kenyatta alitangaza kwamba Bunge lizungumze Kiswahili, na Katiba iliyodai Kiingereza ikabidi irekebishwe kulifuata neno lake. Nafurahia matokeo, njia siisifu. Matamko ya barabarani yaliwahi kumpa mtu kazi asubuhi na kumfuta mwingine jioni. Katiba ya 2010, Ibara ya 135, ikasema uamuzi wa Rais katika kutekeleza kazi zake za kikatiba uwe kwa maandishi, wenye muhuri na saini yake.

Na lugha je? Watu husema, “Kama mwenyekiti, naagiza…” Mcheshi hudakia: kama mwenyekiti, kumbe siye? “Nikiwa mwenyekiti” nako kuna utata, maana huenda akawa anaota cheo cha kesho. Mimi hupendelea “kwa niaba ya kikao” au “kwa mamlaka niliyopewa”, kwa kuwa hutaja aliyemtuma msemaji.

Kikundi chetu kilichagua njia nyepesi zaidi. Neno la mwenyekiti si agizo mpaka aseme “andika”, nami nifungue daftari. Juzi nilimkuta kibandani pale pale, akisema bei ya mtungi ipandishwe. Nikamwuliza, “Mzee, niandike?”

Akapuliza chai yake. “Aah, wacha. Hiyo ni ya hapa tu.”