Maumivu ya mgongo baada ya sindano yasipuuzwe
MAAMBUKIZI ya uti wa mgongo yatokanayo na matibabu ni nadra, lakini huweza kumpoozesha mgonjwa. Bakteria, hasa stafilokoka waishio kwenye ngozi, hupenya kupitia sindano au jeraha la upasuaji na kusababisha jipu linaloubana uti.

Kuvu pia ni hatari. Mwaka 2012 nchini Marekani, dawa ya sindano iliyochafuliwa na kuvu iliwaambukiza zaidi ya watu 750. Zaidi ya 60 walifariki.

Mjini Kakamega, kama kwingineko Kenya, wanawake wengi wajifunguao kwa upasuaji hudungwa ganzi mgongoni. Maumivu ya mgongo yanayozidi, yakiandamana na homa, yasidhaniwe kuwa uchovu wa uzazi. Mgonjwa arejeshwe hospitalini upesi. Miguu ikishapooza, matumaini ya kupona hupungua.